Chaki ya Buluu kwenye Fulana Tano

Fulana tano zilining'inia kwenye waya wa chumba cha kufulia, na Emmett Szabo alikuwa amezikodolea macho tangu saa kumi na mbili asubuhi, kama mtu anayesubiri zimjibu. Zilikuwa za wadakaji watano wa Wahunzi, timu ya mpira wa Kimarekani ya hapa Lorain, Ohio. Kesho saa kumi jioni mmoja wa hao watano angeambiwa afungashe virago. Ni nani, hilo liliamuliwa ghorofa ya pili kwa wakubwa, na ghorofa ya pili haikuwa na desturi ya kumuuliza mtu wa stoo.

Emmett alikuwa na miaka sitini na mitatu. Shule aliiacha darasa la nane akaingia kiwanda cha chuma. Kiwanda kilipofungwa na mabwana ambao hawajawahi kushika hata koleo, akaja hapa kutunza kofia ngumu, pedi za mabega na mipira. Mkewe, Ilona, alikuwa na miaka minne kaburini. Picha ya kifua chake, ile iliyoonyesha doa, ilikaa miezi saba kwenye droo ya daktari wa kampuni kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Tangu siku hiyo Emmett hakumwamini mtu mwenye droo.

Ujanja wa chaki ulikuwa wake mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya mazoezi aliipaka mipira unga wa chaki ya buluu, ile wanayopigia mstari maseremala, kidogo tu, usionekane kwa mbali. Mdakaji anayeshika mpira kwa vidole huchafuka viganja. Anayeukumbatia kama kichanga huchafuka kifua. Kompyuta ya ghorofa ya pili ilihesabu mipira iliyodakwa, basi. Haikujua imedakwa kwa vidole au kwa kifua. Na mpira unaopokewa kwa kifua kwenye mazoezi, siku ya mechi hudunda, na ukidunda ni wa adui.

Aliyemtuma awapime wadakaji hao ni Royce Tackett, mrushaji wa timu, miaka thelathini na minane, misimu kumi na tano mgongoni. Mrushaji husimama nyuma ya ukuta wa wenzake, hurudi hatua tatu, kisha huutupa mpira mbele. Watu wa jukwaani hudhani humtupia mtu. Sivyo. Hutupa mahali patupu, akiamini kwamba mdakaji wake atafika hapo mpira ukiwa hewani. Kama haamini, anangoja. Na akingoja, ule ukuta unapasuka na majitu ya kilo mia na thelathini yanamwangukia.

Novemba iliyopita yalimwangukia shingoni. Tangu hapo mkono wake wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi, na Emmett, anayemfunga pedi kila siku, ndiye pekee aliyeambiwa. Aliapishwa asiseme. Wakawa na mchezo wao wa kila Jumatatu: Royce anaweka mkono nyuma ya mgongo, Emmett anamtia kitu kiganjani, Royce anakitaja bila kukiona. Ulianza kama mzaha.

Royce aliingia na vikombe viwili vya kahawa, akafunga mlango kwa kisigino.

"Haya, wanasemaje mashahidi wako?"

"Mkono kwanza."

"Leo Alhamisi, mzee."

"Najua siku. Mkono."

Royce akageuka. Emmett akachukua kitu kutoka kwenye kopo, akakiweka kwenye kiganja cha kushoto, akaona vidole vikikipapasa kama vidole vya mtu aliyevaa glavu za baridi.

"Skrubu."

"Nati."

"Skrubu na nati si mtu na mkewe? Nimekaribia."

"Jumatatu ulivijua vyote viwili."

Royce akanywa kahawa. Hakucheka. "Niambie kuhusu fulana."

Emmett akaanza upande wa mlangoni. "Lindqvist, huyu mlingoti. Mikono anayo. Lakini akiguswa bega tu anamtafuta refa kwa macho. Huyu wa themanini na nne, aliyejichora sura ya mama yake begani, anadaka kila kitu Jumanne mpaka Ijumaa. Jumapili msuli unamvuta. Mwaka jana ulimvuta Jumapili ngapi?"

"Sita."

"Na huyu wa themanini na tisa anaijua ramani ya mchezo kama padri anavyoijua misa, ila mpira ukimjia kwa nguvu anafumba macho. Nimemtazama kwa darubini. Anafumba kabisa, kama mtoto anayepewa dawa."

"Kendrick?"

Fulana ya Kendrick Yarbrough, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyeletwa na ghorofa ya pili kwa mbwembwe, ilikuwa nyeupe kama imetoka dukani jana.

"Buluu yote iko viganjani," Emmett akasema. "Vidole amepewa na Mungu, siwezi kumdhulumu. Lakini wewe ukipiga hatua ya tatu, yeye yuko wapi?"

"Pennsylvania."

"Pennsylvania, jimbo la jirani. Anawaonyesha watu mbio. Akikumbuka kugeuka, wewe umeshalaliwa na watu watatu."

Royce akaitazama fulana ya tano, iliyogeuzwa ikaelekea ukutani. "Na Otis?"

"Otis anafika."

"Najua anafika. Nauliza fulana."

"Bado mbichi. Nitakwambia mchana."

Royce akamtazama kidogo, kisha akaketi juu ya kreti la mipira. "Miaka tisa namtupia Otis hata bila kutazama. Nahesabu tatu naachia, na yuko pale. Wakimtoa yeye, nitaanza kungoja. Siwezi kungoja tena, Emmett. Sina shingo ya kungojea mtu."

Alipotoka, Emmett aliigeuza fulana. Ilikuwa buluu kuanzia kola mpaka kitovuni.

Aliitazama muda mrefu. Alitamani aone kosa, pengine mvua, pengine jasho limeisambaza. Hakukuwa na mvua wiki nzima.

Otis Fontenot mwenyewe aliingia saa tatu kuchukua bandeji, mtu wa Louisiana, miaka thelathini na minne, anayetembea taratibu kama anayekwenda kuzika.

"Babu Chaki, habari ya kiwanda cha rangi?"

"Kumbe unajua."

"Sote tunajua. Mke wangu ameniuliza kwa nini nanuka ubao wa shule."

"Nionyeshe vidole, Otis."

"Vya nini? Unataka kunichumbia?"

"Nionyeshe."

Otis akaacha kutabasamu. Akanyoosha mkono wa kulia, akaukunja. Vidole viwili vya mwisho vilibaki vimesimama.

"Tangu lini?"

"Aprili. Mlango wa gari." Akashusha sauti. "Usiniue, Babu. Wale watoto wana mikono, sawa, lakini wanaenda wanakojua wao. Mimi nafika. Hatua ya tatu mimi niko pale, miaka yote tisa."

"Unafika. Halafu?"

"Halafu naukumbatia na kusali."

Otis alipoondoka na bandeji zake, Emmett alisimama mbele ya waya. Aliyaona yote mawili kwa wakati mmoja na hakupenda lolote. Mwenye mikono hafiki, anayefika hana mikono. Hiki ndicho kikosi walichompa mtu mwenye shingo mbovu, baada ya kuuza wadakaji wawili wazuri wakati wa kiangazi ili wajenge vyumba vya vioo vya matajiri kulia kamba wa baharini. Lakini mpira uliodunda ni mpira uliopotea, basi. Shingo iliyovunjika ni kitu kingine. Akaichukua fulana ya Otis, akaitia sabuni, akaisugua kwa mkono wake mpaka maji yakatoka meupe.

Akapanda juu na fulana tano mkononi, moja mbichi.

Meneja, Preston Aldridge, alikuwa mkwe wa mwenye timu, na hiyo ndiyo shahada yake yote. Alisogeza sahani yake ya majani ili fulana zisikiguse chakula.

"Emmett. Mashine ya kufulia imekufa tena?"

"Mashine ni nzima, bosi. Nimekuja kwa habari ya wadakaji."

Akaeleza chaki, viganja, vifua. Aldridge alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za paka wa jirani, kisha akaigeuza kompyuta yake.

"Kendrick, yadi arobaini, sekunde nne nukta tatu. Otis anakimbia kama basi la kanisa. Hizi fulana ni kazi nzuri sana, kweli nakwambia, lakini hapa tuna vifaa."

Hakugusa hata moja. Ingekuwa sawasawa kama Emmett angemletea mataulo.

"Royce hawezi kumngoja Kendrick," akasema.

"Hawezi kwa nini?"

Emmett alikuwa ameapa, na kwao kiapo hakikuwa mchezo. Lakini macho yake yalianguka kwenye meza ya Aldridge, kwenye droo zake tatu zenye vishikio vya shaba, na akamkumbuka Ilona akikohoa jikoni huku akikunja nyama kwenye majani ya kabeji, akisema ni vumbi tu, litapita.

"Shingo yake," akasema. "Mkono unakufa ganzi. Akipigwa tena kama ile Novemba, sijui itakuwaje."

Alitegemea Aldridge ashtuke. Aldridge alijifuta mdomo.

"Shingo tunaijua. Daktari alimpima Juni. Royce ametia sahihi." Akafungua droo ya kati, akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, akaonyesha ya pili. "Hii hapa. Sahihi yake. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi."

"Naomba niisome."

"Si mambo yako, lakini..." Simu ikalia. Aldridge akaipokea, akageukia dirishani, akaanza kucheka na mtu kuhusu maegesho ya magari.

Emmett alisoma karatasi ya kwanza kwa kidole, neno moja moja, kama alivyosoma kila kitu. Mfereji wa uti umebana. Pigo la aina ile likirudiwa. Kisha neno ambalo alilirudia mara mbili asije akawa amelikosea: kupooza. Mikono na miguu. Na chini yake, kwamba daktari hashauri mchezaji huyu acheze.

Aldridge alipokata simu, Emmett alikuwa amesimama wima.

"Royce hajasoma hii."

"Ni mtu mzima. Ametia sahihi."

"Royce hasomi karatasi. Tukienda kula tunamsomea menyu. Mmempa ukurasa wa pili akatia sahihi akiwa amevaa taulo, kama mnavyofanya na wote."

"Emmett." Sauti ilikuwa ya upole. "Mechi ya ufunguzi uwanja umejaa, na uso ulio kwenye tiketi ni wa Royce. Acheze mbili, tatu, halafu tutaona."

"Tutaona nini?"

Aldridge akairudisha karatasi kwenye droo. "Chukua fulana zako."

Kesho yake saa kumi jioni Otis aliitwa juu. Alishuka na mfuko mweusi wa plastiki, akampa Emmett mkono ule wenye vidole viwili vilivyosimama, akasema, "Mwambie jamaa asiningoje chakula cha jioni," akaenda zake.

Jumamosi Emmett alimsubiri Royce stoo. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, lakini Royce alipoingia yalitoka yote kwa mkupuo. Amevunja kiapo. Juu wanajua. Wamejua tangu Juni.

Royce alimshika kola.

"Uliniapia."

"Niliapa."

"Kwa kaburi la Ilona uliniapia."

"Na nikavunja, na yeye atanielewa kuliko wewe. Niachie, nikwambie kilichoandikwa."

Royce hakumwachia, lakini alisikiliza. Emmett alipofika kwenye lile neno, mkono ulilegea wenyewe.

"Umelisoma vizuri? Wewe na kusoma..."

"Mara mbili, kwa kidole."

Royce akakaa chini sakafuni kati ya pedi za mabega. Kwa muda mrefu alitazama mkono wake wa kushoto kama kitu cha kuazima.

"Mimi nilidhani ni ganzi tu," akasema. "Nilidhani nikizeeka nitaangusha vikombe."

"Usicheze kesho."

"Nikaseme nini? Mechi ya kwanza, watu wamejaa, mrushaji amekimbia kwa mlango wa nyuma? Nina binti chuoni ambaye chumbani kwake pote ni picha zangu. Nikitoka nitatokea uwanjani, si hapa kwenye sabuni zako."

"Utatoka kwa machela."

"Nitacheza, Emmett."

Emmett alimjua. Angeweza kumfungia ndani, kuificha kofia yake, kuikata mikanda ya pedi. Wangeleta nyingine baada ya dakika tano, maana ya akiba ziko. Akachuchumaa mbele yake mpaka magoti yakalia.

"Basi sikia. Usimngoje mtu. Moja, mbili, tatu, unaachia. Awepo asiwepo."

"Kendrick hatakuwepo."

"Mtupie Otis."

"Otis yuko nyumbani kwake anakula uduvi."

"Mtupie hivyohivyo. Pale anapofikaga. Uniapie."

Royce akacheka kwa pua, kicheko kibaya. "Kiapo kwako wewe?"

"Kwangu mimi."

Jumapili upepo wa ziwani ulikuwa mkali, uwanja umefurika, uso wa Royce umetundikwa kila nguzo. Emmett alisimama kando ya mstari na kofia ya akiba kwapani. Mpira wa kwanza ulipochezwa, alijikuta anahesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu."

Mpira ukatoka mkononi mwa Royce, mzuri, umesokotwa vizuri, ukaenda kuangukia majani matupu yadi kumi na mbili mbele. Kendrick alikuwa mbali, mgongo umegeuka. Watu walicheka, wakadhani ni bahati mbaya.

Wa pili ukaanguka palepale. Na wa tatu. Kufikia robo ya pili hawakucheka tena. Walizomea, na uzomeaji wa Lorain ni wa watu waliozaliwa viwandani, unatoka tumboni. Mtu mmoja nyuma ya Emmett alipiga kelele kwamba Royce amepofuka, mwingine kwamba amenunuliwa. Kendrick alirudi akiwa amenyanyua mikono.

"Mzee, unamtupia nani pale?"

"Anayefika," Royce akasema, akapita.

Katikati ya zogo hilo Emmett alitazama jukwaa la kaskazini na akamwona mtu mwenye koti la kahawia akisimama peke yake kila Royce alipopiga hatua ya tatu, na kukaa kila mpira ulipogusa majani. Otis. Mkononi alikuwa na mkate wa soseji, na hakuula.

Kocha alikwenda kumfokea Royce mara mbili. Mara ya tatu alitazama juu kwenye vioo, kule kwa Aldridge, akaambiwa kitu kwenye vipokea sauti vyake vya masikioni, akamwacha. Uso ulio kwenye tiketi haukuweza kutolewa kabla watu hawajamaliza kununua bia.

Robo ya nne, Wahunzi wakiwa nyuma ishirini na saba kwa sifuri, Kendrick alimpita mlinzi wake akabaki peke yake, uwanja mzima mbele yake hauna mtu. Watu elfu kumi na tisa waliliona kwa pamoja wakasimama. Royce aliliona pia.

"Tatu," Emmett akasema.

Mkono haukuachia. Aliuona umenyanyuka, mpira umetulia juu ya sikio, na uso wa Royce umekuwa wa zamani, uso wa misimu yote kumi na tano. Alikuwa anangoja. Upande wa kushoto ukuta ulikuwa umepasuka na jitu linakuja limeinamisha kichwa.

"Royce," Emmett akasema, hata si kwa kelele. "Royce, nne. Tano."

Royce akauteremsha mpira. Akaukumbatia kifuani kama Otis, akapiga goti, akalala chini kabla hajaguswa, na jitu likaruka juu yake likaenda kuanguka upande wa pili. Filimbi ikalia. Uwanja ulinyamaza kwanza, kwa sababu hawakuwa wamewahi kumwona akilala mwenyewe. Kisha chupa zikaanza kurushwa.

Alitoka mechi ilipoisha, kwa miguu yake, bia ikimchuruzika mgongoni.

Jumatatu kabla ya saa nne walikuwa wameshamwacha. Taarifa ya Aldridge kwa magazeti ilisema klabu inamshukuru na kwamba kiwango chake kimeshuka. Kuhusu shingo haikusema kitu.

Royce alishuka stoo kurudisha kofia. Aliiweka mezani kwa nguvu mpaka kopo la nati likaanguka.

"Umenimaliza," akasema. "Miaka kumi na tano, na watanikumbuka nimelala kwenye majani kama mbuzi. Binti yangu hapokei simu."

Emmett aliokota nati moja moja.

"Mkono," akasema alipomaliza.

"Usinichezee."

"Leo ni Jumatatu, Royce."

Royce alisimama pale akihema kwa pua. Emmett alidhani ataondoka. Kisha akageuka ghafla, akautupa mkono wa kushoto nyuma ya mgongo kama mtu anayefungwa pingu, kiganja wazi. Emmett akapapasa mfukoni mwa aproni, akakiweka alichokipata. Vidole vikakizunguka polepole, vikakibana, vikakisugua kwa muda mrefu mpaka Emmett akaanza kuogopa.

"Chaki," Royce akasema.

Akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Emmett alimsikiliza akipanda ngazi, hatua moja, nyingine, mpaka mlango wa juu ukafungwa.